Grupu la majirani limegeuka uwanja wa kuchambana, nilifunge au niwaache?

admini_wa_bahati

Wakuu habari za saa hizi, naombeni ushauri na tafadhali utani uje baadaye maana huku kichwa kinawaka.

Mtaani kwetu tuna grupu la WhatsApp la majirani, mimi ndio nililifungua, sio kwamba nina cheo chochote, ni siku ile maji yamekatika mtu akasema jamani si tuwe na sehemu ya kupashana habari, simu ilikuwa mkononi nikafungua, basi nikawa admini mpaka leo. Mwanzoni lilikuwa zuri kweli. Maji yakikatika unajua ni kwako tu au ni wote, paka akipotea anarudi, mtu anauza kabati anapata mteja hapohapo, asubuhi picha za maua na salamu mpaka simu inajaa ila nani atagombana na salamu.

Sasa kuna jirani ana sabufa. Anapiga muziki wikiendi mpaka usiku mkubwa. Watu walikuwa wananung'unika pembeni wawili wawili, hakuna aliyemfuata. Juzi usiku ikatupwa meseji grupuni, "kuna watu walitoka kwao bila kufundwa sasa kazi ya kuwalea tumeachiwa sisi." Haina jina. Chini yake imoji za kucheka zikamiminika, stika, mwingine akaandika "ujumbe umfikie". Kila mtu anajua ni nani. Yule jirani akakaa kimya, halafu akatuma voisi ndefu kama hotuba, akaanza kufukua, nani anatupa taka kwenye geti la mwenzake, nani mbwa wake anabweka alfajiri, nani anapaki gari mpaka watu wanapita wamejikunja. Mkewe naye akaingia. Mama mwingine akamjibu yule mke. Mtu akatuma picha ya nguo za watu zilizoanikwa uani eti ushahidi wa uchafu, picha kaipiga kutoka dirishani kwake! Mzee mmoja tunayemheshimu sana akalefti bila kusema neno.

Saivi tuna kambi mbili na mtaani salamu zimepungua, watu wanapishana kama hawaonani. Nimewaza, ama niweke setingi ya admini tu ndio waandike, ama niwatoe mwenye sabufa na yule mama maana ndio wanaoongoza, ama nifute lote tuanze upya. Mngekuwa nyie mngefanyaje? Na sabufa yenyewe bado inapigwa.

Kimya_Tu

Futa. Maji yakikatika mtajua tu, mtaona ndoo zinapita.

bibi_geti_la_pili

Mwanangu usifute. Ukifuta leo kesho kutwa mtu atafungua jingine, na safari hii litafunguliwa na kambi moja, la pili nalo litafunguliwa na kambi ya pili, utakuwa umewajengea kila mtu ngome yake. Hapo mlipo angalau bado mnatukanana pamoja.

Ngoja nikwambie ninachokiona mimi ambaye nimekaa na majirani kabla hata ya hizo simu. Sabufa sio ugonjwa wenu. Kelele za jirani zilikuwepo na zitakuwepo. Kilichowaua ni ile meseji isiyo na jina. Kijembe kina ubaya mmoja ambao matusi ya wazi hayana, kinamfunga mlengwa mdomo. Akijibu anaambiwa mbona umejishtukia, nani kakutaja? Akinyamaza ameonekana kakubali. Hana pa kutokea. Ukimwambia mtu "baba fulani muziki wako unatusumbua" anaweza kusema samahani, anaweza kusema sikujua, anaweza hata kubisha, yote hayo ni mazungumzo. Ukisema "kuna watu hawakufundwa" unataka ajibu nini? Ndio maana alipojibu alijibu na taka na mbwa na magari, alikuwa anatafuta pa kushika.

Na zile imoji za kucheka usizidharau. Yeye hakuona meseji moja, aliona mtaa mzima umekaa unamcheka usiku na yeye yuko ndani na mkewe.

Ushauri wangu, mtu mmoja mwenye heshima amfuate, mchana, sio muziki ukiwa unapigwa. Muziki ukiwa unapigwa wewe una hasira na yeye ana wageni, hapo hakuna wa kumsikiliza mwenzake. Aende mmoja, wakienda watano ni maandamano. Na asianze na "watu wanalalamika", aseme "mimi". Watu ni nani? Akisikia watu atataka majina.

mpangaji_pekeyangu

Bibi shikamoo. Mengi nakubaliana nawe ila hili la kumfuata mtu mlangoni tusilifanye amri ya kila mtu. Mimi naishi peke yangu na ni mwanamke. Niliwahi kugonga mlango kwa adabu zote kuomba tu mlango wa nje usibamizwe usiku, nilichojibiwa siwezi kuandika hapa, na kuanzia siku ile nikawa naangalia nyuma nikirudi kazini. Wale wanaosema "si ungemwambia uso kwa uso" mara nyingi ni wanaume wenye miili yao au watu waliokulia mtaa huo na ndugu zao wamejaa pande zote. Mpangaji mgeni hana hiyo. Kwangu grupu ni ushahidi, nikiandika pale watu sitini wameona nimeandika lini na nimeandika nini, akinifanyia kitu siku ya pili hawezi kusema hatujuani.

Kwa hiyo kosa la ile meseji mimi sioni kama ni kuandikwa grupuni. Kosa ni ilivyoandikwa.

bibi_geti_la_pili

Marahaba mwanangu. Hapo umesema jambo ambalo mimi sijalipitia, mimi nikigonga mlango wananiita mama. Basi kwa mtu kama wewe atumwe mtu. Hata zamani kulikuwa na kutuma mtu.

mpangaji_pekeyangu

Kutuma mtu sawa bibi, ila awe anajulikana. Sio nianze kuzunguka nyumba hadi nyumba kutafuta mjumbe wa malalamiko yangu, hapo nitakuwa mimi ndio mmbea wa mtaa.

mwalimu_wa_zamu

Niongeze kidogo kuhusu maandishi. Kuna utafiti wa mwaka 2005 wa Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao, waliwapa watu sentensi watume kwa barua pepe, nyingine za kejeli nyingine za kweli, waandikaji wakaulizwa mnadhani msomaji atatofautisha mara ngapi. Wakadhani kama mara 78 kwa 100. Wasomaji wakapatia kama 56, na ukibahatisha tu bila hata kusoma unapata 50. Maana yake unapoandika unaisikia sauti yako kichwani, unajua hapa natania hapa niko siriasi, unadhani na msomaji anaisikia. Haisikii. Anaisoma kwa sauti ya hali aliyonayo yeye wakati huo.

Ndio maana hata "sawa" tupu kwenye grupu inaweza kuzua ugomvi wa wiki.

dereva_mstaafu

Mwalimu heshima yako lakini huo utafiti hapa haumo. "Walitoka kwao bila kufundwa" nani hajaielewa? Ilieleweka vizuri mno, tena na wote. Hapakuwa na kejeli iliyopotea njiani, ilifika na mzigo wake wote. Tusimtafutie mtu maneno ya kitaalamu ya kujifichia, aliyeandika alikusudia.

Halafu swali ambalo naona hakuna aliyeuliza. Admini, aliyetupa hiyo meseji ya kwanza ni nani? Maana kwenye orodha yako ya kutoa umewataja mwenye sabufa na yule mama aliyejibu. Mwanzilishi mbona hayumo?

mwalimu_wa_zamu

Haha hiyo ya kwanza nakuachia. Ila nilikuwa naongelea yaliyofuata, zile meseji hamsini za chini yake, hizo nina hakika nusu yake hazikuwa na ubaya kama zilivyosomwa.

fundi_spika

Mimi niache ya kufundwa niingie kwenye sabufa yenyewe maana ndio kazi yangu na naona mnaiongelea kama jini.

Sikilizeni. Besi haizuiliki na ukuta kama sauti ya mtu inavyozuilika. Sauti ya hertz 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, wimbi lake moja lina urefu wa karibu mita 7, ukuta wako wa nyumba kwake ni kama karatasi, tena unatetemeka nayo. Kwa hiyo mwenye muziki pale sebuleni kwake anasikia wimbo mzima, waimbaji, magitaa, kila kitu, anaona sauti ni ya kawaida kabisa na wala hapigi kelele kuongea na mgeni wake. Wewe nyumba ya pili umeletewa kile kinachopita ukuta tu, ile dum dum dum isiyo na wimbo. Nyote wawili mko sahihi kwa mnachokisikia!! Ukimwambia "punguza sauti" anapunguza kidogo, yeye wimbo kwake umekwisha wewe dum dum iko palepale, unaona amekudharau.

Jambo la pili, hizo programu za kupima kelele kwenye simu mnazotumiana skrinishoti. Nyingi zinapima kwa ile desibeli A, ambayo imetengenezwa ifanane na sikio kwa sauti za chini, na pale hertz 50 inapunguza kama desibeli 30 nzima. Yaani kifua kinatetemeka na simu inakuandikia namba ndogo. Sasa mwenye sabufa akipima kwake akakuonyesha namba usidhani amekudanganya na wewe usidhani umechanganyikiwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 lilisema chumbani usiku wastani usizidi desibeli 30 hivi na mlio mmoja mmoja usipite 45, lakini walewale wakaonya kwamba sauti ikiwa na besi nyingi hata chini ya hapo inasumbua.

La kufanya ni dogo. Aitoe sabufa kwenye kona, kona inaipandisha besi bure. Asiiegemeze ukuta mnaochangia. Aiweke juu ya kitu kizito cha mpira isikae moja kwa moja sakafuni. Na usiku ashushe kitufe cha besi chenyewe, wimbo aache. Atabaki na muziki wake na nyie mtalala. Hiyo ndio meseji iliyotakiwa iandikwe grupuni siku ya kwanza.

sabufa_pia_ninayo

Fundi Mungu akupe maisha marefu. Mimi ni mwenye sabufa, sio huyo wa mtaa huo, wa mtaa mwingine kabisa, lakini nimesoma hapa roho inapwita.

Mnajua nilivyojua kwamba nasumbua? Kwa stika. Nilikuwa nimetumwa dukani na mke wangu nafungua simu naona stika ya mtu ameziba masikio, naona watu ishirini wameweka imoji ya kucheka. Nikacheka na mimi!! Nikaweka imoji nikidhani ni utani wa kawaida. Baadaye mtoto wa jirani ndio akaniambia kwamba mnasemwa. Miaka yote hiyo tunakutana getini tunasalimiana hujambo sijambo habari za watoto, hakuna hata mmoja aliyesema "jirani ule muziki". Halafu wanasema nilikuwa najua. Ningejua vipi, mimi ndani nasikia wimbo, kama fundi alivyosema.

Kuna watu wanaona kunyamaza ni ustaarabu. Mtu ananyamaza, ananyamaza, anaweka kumbukumbu kila siku, halafu siku moja anakutolea deni lote na riba, na wewe ndio unasikia kwa mara ya kwanza kwamba ulikuwa unadaiwa.

Kimya_Tu

Na wewe mtu mzima unahitaji kuambiwa kwamba saa saba usiku watu wamelala?

sabufa_pia_ninayo

Nani kasema saa saba? Mimi nazima saa nne. Unaona sasa, umeshanihukumu na hata huujui mtaa wangu.

Kimya_Tu

Basi kama ni saa nne mimi sina la kusema. Majirani zako ndio wana shida.

mtu_wa_setingi

Nirudi kwenye swali maana admini ameuliza kuhusu kufunga. Ile ya admini tu kuandika ina kazi yake lakini sio kama adhabu. Ukiifunga saivi katikati ya ugomvi, neno la mwisho lililobaki pale juu ni la nani? Huyo ndio ameshinda, na wewe ndio umempa ushindi. Halafu ugomvi hauishi, unahamia pembeni kwenye vigrupu ambavyo wewe hupo na mlengwa hayupo, huko ndio watu wanasemana vizuri.

Ninachoona kinafaa ni kugawa. WhatsApp tangu mwishoni mwa 2022 ina ile Jumuiya, unakuwa na sehemu moja ya matangazo ambayo admini tu ndio wanatuma, maji, umeme, usalama, msiba, basi, na chini yake grupu la kupiga soga kwa anayetaka. Mtu asiyetaka kelele za soga anabaki na matangazo. Nusu ya hasira kwenye grupu za majirani ni mtu ameamshwa na simu akidhani kuna moto kumbe ni ua jekundu limeandikwa asubuhi njema.

Picha ya nguo. Hiyo ifutwe na ifutwe leo. Admini anaweza kufuta ya mtu mwingine kwa wote, ila usichelewe maana kuna muda wake ukipita huwezi tena, na jua kwamba itabaki alama inayoonyesha ni wewe umefuta, kwa hiyo usifute kimyakimya utaonekana una upande, andika mstari mmoja kwamba picha za ndani ya nyumba za watu haziruhusiwi hapa bila idhini. Waliokwisha ihifadhi wanayo, hilo huliwezi.

Mzee aliyelefti usimrudishe kwa nguvu tafadhali. Tangu 2022 kutoka kunaonekana na maadmini tu haitangazwi kwa wote, japokuwa ukifungua taarifa za grupu unaona orodha ya waliotoka ndani ya siku 60. Mpigie simu. Kumwongeza mtu aliyetoka kwa hasira ni kama kumvuta shati arudi kwenye kikao.

Na mwenye wazo la kupiga kura, maana najua atakuja, hapana. Kura ni ya "taka zikusanywe Jumamosi au Jumapili". Mtu hapigiwi kura.

mama_watatu

Mimi ndio nilikuwa nakuja na wazo la kura haha umeniwahi. Lakini kwa nini isipigwe? Kama watu arobaini wanasema muziki uzimwe saa nne na watu watatu wanasema usiku kucha, si tumemaliza? Tusilee watu wakorofi kwa kisingizio cha utu.

mtu_wa_setingi

Dada, kupigia kura saa ya kuzima muziki kwa wote sawa kabisa, hiyo ni kanuni, inawahusu hata hao arobaini siku wakiwa na sherehe. Kupigia kura "fulani atolewe" ni kitu kingine. Kwanza kura ya WhatsApp inaonyesha nani kapiga nini, kwa hiyo umemwekea yule mtu orodha ya majina ya watu waliomkataa, na kesho anakutana nao bombani.

mama_watatu

Hiyo ya majina kuonekana sikuwa nimeifikiria. Ila bado naona mnamhurumia sana mwenye kelele kuliko mwenye mtoto mchanga. Nyie mnaongelea heshima yake, mie naongelea mtoto aliyelala saa tatu akaamshwa saa tano na mimi nina zamu asubuhi. Hasira ya mtu asiyelala sio kijembe, ni usingizi. Muwe mnaliweka na hilo kwenye hayo mafalsafa yenu.

bibi_geti_la_pili

Hapo amesema.

admini_wa_bahati

Wakuu nimesoma yote asanteni. Dereva umeniuliza swali nimelikwepa kwa makusudi ila acha nijibu, aliyeandika ile meseji ni admini mwenzangu. Tuko wawili. Ndio maana nashindwa, sina ujasiri wa kumtoa na hata nikiwa nao nyumba zetu zinatazamana.

dereva_mstaafu

Nilijua. Na wewe ulitaka umtoe aliyejibu umwache aliyeanza, halafu uite hiyo amani. Mtaa mzima ungesoma kwamba grupu ni la maadmini na marafiki zao, mngebaki nyumba kumi.

Mwondoleeni uadmini kwa muda, au ajiondoe mwenyewe iwe na heshima zaidi, na awekwe mtu ambaye hana upande. Tena nashauri mpangaji mmoja awe ndani ya uongozi, maana mkiwa wenye nyumba watupu wapangaji wanajua wao ni wa kupewa taarifa tu.

mwalimu_wa_zamu

Naunga mkono na mnisamehe darasa jingine fupi. Elinor Ostrom, yule mama Mmarekani aliyepata Nobel ya uchumi 2009, kazi yake kubwa ilikuwa kuangalia watu wanaotumia kitu kimoja pamoja, mifereji ya maji, malisho, uvuvi, wengine wamedumu mamia ya miaka bila kuuana. Moja ya alichokiona ni kwamba adhabu zao zinaanza ndogo kabisa, karibu na bure, zinapanda polepole kwa anayerudia. Na kuna mahali pa karibu na rahisi pa kumalizia ugomvi. Na wanaosimamia nao wanasimamiwa. Nyie mnayo adhabu moja tu, kutolewa. Hakuna kitu kati ya kunyamaza na kutolewa, kwa hiyo watu wanajijazia wenyewe hapo katikati, kwa stika.

Weka kitu hapo katikati. Kwa mfano lalamiko lolote linaloweza kujulikana ni la nani linakwenda kwanza kwa mtu mmoja aliyechaguliwa, inboksi, yeye ndio anamfuata mhusika. Hapo hata dada anayeishi peke yake ana pa kupeleka na jina lake halitoki. Likishindikana ndio linakuja kwa wote, kwa jina, bila mafumbo.

mpangaji_pekeyangu

Hii naitaka. Ila huyo mtu mmoja asiwe mmoja, wawe wawili, mwanamke na mwanamume. Kuna mambo sitamwandikia mwanamume inboksi saa nne usiku.

admini_wa_bahati

Apdeti kidogo. Picha ya nguo nimefuta na nimeandika kwa nini. Mwenye picha kaniandikia inboksi maneno nimeyaacha.

Mchana wa leo nimemfuata mwenye sabufa peke yangu, nikasema "mimi" kama bibi alivyonifundisha. Hakuwa mkali hata kidogo, nilitegemea vita. Nimempa maneno ya fundi, tumeisogeza pamoja kutoka kwenye kona, kumbe ilikuwa imegusa kabisa ukuta wa jirani mmoja, mama mwenye mtoto. Besi amesema atashusha kuanzia saa tatu. Lakini ameng'ang'ania kitu kimoja, aliyeandika aombe radhi palepale alipoandikia, sio inboksi, sio kwa kutuma mtu. Mwenzangu naye nimemfuata, anasema haombi kwa sababu hakumtaja mtu. Uadmini amekubali kupumzika lakini amenuna.

Mzee hataki kurudi, kaniambia akitaka kujua kama maji yapo atafungua bomba.

dereva_mstaafu

Kama hakumtaja mtu basi na radhi aiombe bila kutaja mtu, wote tutajua ni ya nani.

fundi_spika

Radhi hiyo mtajua wenyewe, mimi naomba unijibu kitaalamu, baada ya kuisogeza mmesikiliza kutoka kwa yule mama mwenye mtoto? Sio kutoka kwako.

admini_wa_bahati

Tumesikiliza, mke wa mwenye sabufa na yule mama wakiwa wamesimama mlango mmoja wanatazama pembeni kila mtu upande wake. Chumbani kwa mtoto hakuna kitu. Jikoni inasikika kidogo.

fundi_spika

Jikoni ni vyombo vinaitikia. Hapo imetosha.

mgeni_wa_jukwaa

Samahani kuingilia uzi wa watu, na mbwa je? Kwetu kuna mbwa anabweka mchana kutwa na mwenyewe ukimwambia anasema mbwa wake hajawahi kubweka, mpaka tunaonekana waongo. Kwenye grupu tumemaliza imoji zote.

mama_watatu

Mchana mwenyewe anakuwepo nyumbani?

mgeni_wa_jukwaa

Hapana anaondoka asubuhi anarudi jioni.

mama_watatu

Basi hadanganyi, hajawahi kumsikia kweli. Mbwa wengi wanabweka kwa sababu wameachwa peke yao, mwenyewe akifika getini kimya, anatikisa mkia. Rekodi mchana, video ionyeshe saa, umtumie yeye peke yake, grupuni usiweke. Na uandike "nadhani anakukumbuka ukiondoka", usiandike "mbwa wako".